Kamera Mbili, Uso Mmoja: Namna ya Kupima Rangi Kabla ya Kununua

Mpiga picha wa Lupaso hachagui kazi. Leo ni kipaimara, kesho harusi, keshokutwa mkulima anataka picha ya korosho zake, na mara wageni wamefika kwenye kaburi la Rais Benjamin Mkapa, aliyezikwa kijijini hapa Julai 2020, wanataka ukumbusho. Kamera ndogo nzuri huzimudu kazi hizo zote. Kazi ngumu ni kuchagua pale unapowekewa mbili za mtumba mezani, tuseme Canon PowerShot na Sony Cyber-shot, bei zikikaribiana na megapikseli zikikaribiana. Muuzaji atageuza kioo cha nyuma na kukuambia, "Tazama rangi zilivyokolea!" Usitoe hela bado.

Sehemu kubwa ya tofauti unayoiona dukani haitokani na kamera. Hutokana na mipangilio aliyoiacha mwenye kamera wa zamani, ubora wa kioo cha nyuma, na taa za duka. Ondoa hayo matatu; kinachobaki ndicho unachokinunua.

Kwa nini zinatofautiana

Sensa ya kamera nyingi za dijitali hufuata mpangilio aliouandikia hataza Bryce Bayer wa Kodak, iliyotolewa mwaka 1976. Kila nukta hupokea rangi moja tu: nusu ya nukta zote hupokea kijani, robo nyekundu, na robo bluu. Rangi nyingine zote kamera huzikokotoa. Kila kampuni ina ukokotoaji wake, na ndiyo maana bibo lilelile laweza kutoka jekundu kwenye kamera moja na la machungwa kwenye nyingine.

Hatua ya 1: Sawazisha mipangilio

Futa lenzi kwa kitambaa laini, maana vumbi na alama za vidole hufifisha rangi. Rudisha kamera zote mbili kwenye mipangilio ya kiwandani. Kisha tafuta menyu ya mtindo wa rangi, ambayo Canon huiita My Colors, Sony Creative Style, Nikon Picture Control na Panasonic Photo Style, uhakikishe haijaongezewa ukolezi wowote. Zima flashi. Zima pia kinachong'arisha vivuli (i-Contrast, DRO au Active D-Lighting). Weka ISO 100 au 200, ilingane kwa zote.

Kwenye WB (urekebishaji wa weupe) usiache AWB, yaani ile inayojirekebisha yenyewe. Weka alama ya jua kwa zote mbili. Ukiacha AWB, kila kamera hukisia mwanga kivyake, nawe utakuwa unalinganisha makisio.

Hatua ya 2: Andaa vitu vya kupiga

Chukua ubao au boksi, upange juu yake vitu ambavyo rangi zake unazijua kwa macho:

- jani bichi la mkorosho, na bibo jekundu na la njano kama ni msimu;
- udongo mwekundu wa Newala;
- kipande cha kanga chenye nyekundu na nyeusi;
- kinyago cha mpingo;
- karatasi nyeupe isiyong'aa.

Kando ya ubao huo asimame mtu, na ikiwezekana watu wawili, mmoja maji ya kunde na mwingine mweusi zaidi.

Nyuso ndizo kipimo kikuu, na kuna historia nyuma yake. Kwa miongo mingi maabara za filamu zilipima rangi kwa kadi yenye picha ya mwanamke mweupe, iliyoitwa Shirley. Ngozi nyeusi zilipotea gizani. Inasimuliwa kwamba mtengenezaji filamu Jean-Luc Godard, alipokuwa ng'ambo ya Ruvuma huko Msumbiji mwishoni mwa miaka ya 1970, aliikataa filamu ya Kodak kwa sababu hiyo hiyo. Kamera za leo zimeboreka, lakini usikubali kwa maneno. Pima.

Hatua ya 3: Piga kwa kupokezana

Anza saa tatu au saa nne asubuhi, jua likiwa safi. Adhuhuri haifai: Oktoba jua la huku hupita karibu na utosi, macho ya mtu yakageuka mashimo. Simama mahali pamoja, piga kwa kamera ya kwanza, kisha ya pili, kisha rudia, ili wingu likipita ulijue. Kwa kitufe cha +/- rekebisha mpaka weupe wa karatasi ulingane kwenye picha zote mbili. Picha iliyopata mwanga mwingi mno huonekana imepauka hata kama kamera haina kosa.

Halafu hamia chini ya mkorosho. Majani humwaga ukijani usoni, na udongo hurudisha wekundu kidevuni. Hapa sasa jaribu AWB, kwa sababu siku ya harusi ndiyo utakayoitegemea. Malizia ndani ya nyumba, chini ya balbu.

Hatua ya 4: Hukumu

Usihukumu kwenye vioo vya kamera. Fungua picha zote kwenye kompyuta moja, au bora zaidi zisafishe studio moja kwa mashine moja, ukimwomba fundi asirekebishe rangi. Nyuma ya kila picha andika A au B, kisha mpe mtu asiyejua ipi ni ipi. Aweke picha kando ya kitu chenyewe, atazame haya:

*Ngozi.* Je, imegeuka kijivu, au imekuwa nyekundu kama iliyoungua?

*Nyekundu.* Kwenye bibo na kanga, je, mikunjo inaonekana, au ni doa moja lisilo na umbo?

*Nyeusi.* Kwenye mpingo, je, michoro ya patasi ipo? Piga na suti nyeusi pia. Mwaka 2006 kamera ya Leica M8, ya bei kubwa, iligeuza vitambaa vyeusi vya nailoni kuwa vya zambarau, kampuni ikalazimika kuwapa wateja vichujio vya lenzi bure.

*Kijani.* Jani la mkorosho lisitoke na kijani cha rangi ya plastiki.

Uamuzi

Kama kamera moja huhifadhi faili la RAW, ipe alama ya ziada: rangi zake utazirekebisha vizuri zaidi kwenye kompyuta. Isiyo nalo, rangi inayotoka kwa kiasi kikubwa ndiyo hiyo hiyo. Na zikilingana kwa mengine yote, nunua inayopatia ngozi. Mteja hatarudi kudai kijani cha mkorosho. Atarudi kudai uso wa mama yake.