Babu wa Kisiwa cha Divar: Mafunzo Niliyopata

Babu yangu mzaa mama alikuwa fundi cherehani hapa Mwanza, enzi za Waingereza. Mitaani aliitwa Mhindi, karatasi zake zilimtaja kuwa Mreno, mwenyewe akijiita Mgoa. Alizaliwa Divar, kisiwa cha mto Mandovi huko Goa, magharibi mwa India, ambako Wareno walitawala tangu 1510 hadi Desemba 1961. Nimewatafuta wazee wake kwa miaka mingi, na haya ndiyo yaliyonifaa.

1. Kijiji kwanza, jina la ukoo baadaye. Fernandes, Pereira na D'Souza wamejaa Goa nzima kwa sababu waliobatizwa walipewa majina ya Kireno, mara nyingi ya padre au ya msimamizi wa ubatizo. Jina hilo halithibitishi damu ya Ureno, wala halifanyi watu wawili kuwa ndugu. Wareno wenye asili ya Madeira au Azores huweza kuanzia kwenye vitabu vya pasi za wahamiaji wa visiwa vyao. Kwa Mgoa, ufunguo ni kijiji. Divar peke yake ina Piedade, Malar na Naroa. Vijiji vya Goa vilikuwa na jumuiya ya wenye ardhi, iitwayo comunidade, iliyoandikisha wanaume wa koo zake, mtoto baada ya baba. Ukijua kijiji, unajua pia parokia, na vitabu vya ubatizo vinakuwa na anwani. Vingi vya zamani vimehifadhiwa katika nyaraka za serikali mjini Panaji.

2. Fuata njia aliyopita. Reli kutoka Tabora ilifika Mwanza mwaka 1928. Kabla ya hapo, wengi waliotoka Bombay walishukia Mombasa, wakapanda treni hadi Kisumu, ambako reli ilifika 1901, kisha wakavuka ziwa kwa meli kama Winifred, Sybil au Clement Hill. Babu alikuja kabla ya 1928. Ndiyo maana nilianza na Nairobi kabla ya Dar es Salaam. Gazeti rasmi la serikali ya Kenya lilichapisha matangazo ya mirathi, na majina ya Wagoa yamo humo kwa wingi.

3. Soma majina ya pembeni. Wamisionari wa White Fathers walifika Bukumbi, karibu na Mwanza, mwaka 1883, na vitabu vyao vya sakramenti viliandikwa kwa Kilatini, João akawa Joannes. Wengi humtafuta bwana harusi tu, wakafunga kitabu. Tazama mashahidi na wasimamizi wa ubatizo. Mtu aliye ugenini huomba wa kwao amsimamie.

4. Bibi asisahaulike. Hili linaniuma kuliko yote. Babu aliyevuka bahari ameacha pasi, leseni ya biashara na saini. Bibi, Mkerewe aliyevuka kwa mtumbwi kutoka Ukerewe, ameacha jina la ubatizo na jina la baba yake, basi. Sitaki watoto wangu waijue Divar wasiijue Ukerewe. Nilikwenda Nansio, nikamkuta mama mmoja mzee sana.

"Shikamoo, bibi."

"Marahaba, mjukuu wangu. Wewe wa nani?"

Nikamtajia baba yake bibi. Akataja ukoo wake, mwiko wake na kaka zake wote, bila kusita. Nilimwomba ruhusa nikamrekodi siku hiyo hiyo. Mtu akiniuliza aanzie wapi, namwambia aanze na wazee walio hai, karatasi zitamsubiri.

5. Andika kila tahajia. Sousa na Souza huweza kuwa mtu mmoja.

6. Nyaraka za Mwanza haziko zote Mwanza. Baada ya serikali kutaifisha majengo mwaka 1971, familia nyingi zenye asili ya Asia ziliondoka nchini, Wagoa wakiwemo, wengine wakaelekea Kanada na Uingereza. Vyeti na picha vilisafiri masandukuni. Binamu ya mama, aliyeko Toronto, alinitumia picha ya harusi ya babu. Nyuma yake msimamizi ametajwa pamoja na kijiji chake, Malar. Nimemwandikia paroko wa huko atafute ubatizo wa babu na wa msimamizi wake, na binamu huyo ameanza kupiga picha barua zilizobaki.