Mwanangu anatishiwa na "dada" wa kwenye gemu

Shangazi,
Mwanangu ana miaka 12. Jioni huwa namwachia simu acheze gemu. Juzi nikakuta shilingi 30,000 zimetumwa kwa namba nisiyoijua. Nilipombana akaangua kilio: kuna "dada" walikutana kwenye gemu, akampa almasi za bure, wakahamia WhatsApp, kisha akamwomba picha akiwa hana nguo. Sasa anadai hela, la sivyo picha itatua kwenye grupu la wazazi wa darasa. Baba yake akijua atamchapa. Nataka nifute kila kitu na simu niivunje.
Mama Tanga

Mama Tanga, simu usiivunje na usifute chochote. Humo ndimo ulimo ushahidi wote: namba, vitisho, na ule ujumbe wa muamala. Laini za hapa kwetu zinasajiliwa kwa alama za vidole, kwa hiyo namba iliyopokea hela yako ina pa kuanzia kutafutwa. Vipige picha vitisho hivyo, uandike na jina analotumia kwenye gemu, ndipo umbloku.

Hela usitume tena, hata mia. Ukilipa leo, kesho atataka mara mbili, maana ameshajua mfuko upo. Na huyo "dada", nakuhakikishia kwa uzoefu wa barua ninazopokea, mara nyingi ni dume zima.

Nenda kituo cha polisi, uliza Dawati la Jinsia na Watoto. Ukiona haya kuanzia huko, piga 116, namba ya bure ya huduma kwa watoto. Picha ya mtoto usimrushie mtu, hata dada yako wa tumbo moja kwa nia ya kuomba ushauri. Sheria ya Makosa ya Mtandao ya mwaka 2015 haichezi na picha za namna hiyo. Ipo pia huduma ya bure ya Marekani inayoitwa Take It Down: inaichukulia picha alama yake ya kidijitali, yenyewe ikibaki kwenye simu yako, na mitandao iliyojiunga, kama Facebook, Instagram na TikTok, huitumia alama hiyo kuisaka na kuiondoa.

Kijana usimchape. Alificha kwa sababu aliogopa fimbo, na tapeli alilijua hilo kuliko wewe. Mwambie aliyekosa ni yule mtu mzima. Kwa siku hizi usimwache peke yake na mawazo. Watoto wa kiume hasa hufa na tai shingoni. Gemu atacheza tena baadaye, sebuleni, sehemu ya kuchati na wageni ikiwa imezimwa. Na namba ya siri ya hela badilisha leo, maana ameshaijua!

Baba yake mwambie wewe, kabla hajasikia kwa mzazi mwingine. Anza na "mtoto wetu ametapeliwa". Habari ya picha ifuate akishakaa chini.