Somo la 14: Kusoma Maandishi Magumu

Ndugu mwanakisomo, sasa unaweza kusoma barua na hadithi fupi. Lakini ukipewa kitabu cha sheria au cha kilimo, huenda unakifunga upesi na kusema, "Hiki ni cha wasomi." Usikifunge. Mkulima wa Umatengo hachimbi ngolo za mlima mzima kwa siku moja. Huchimba shimo baada ya shimo, mpaka mteremko wote umekwisha. Maandishi magumu nayo husomwa hivyo hivyo.

Tuchukue Sheria ya Ardhi ya Vijiji, Namba 5 ya mwaka 1999. Sheria hii inahusu shamba lako la kahawa huko Mbinga. Inahusu pia shamba lako la mihogo kule Liuli au Mbamba Bay. Usipoisoma mwenyewe, utasomewa na mwingine, naye huenda akakueleza apendavyo.

Kifungu cha 8 kinasema kwamba Halmashauri ya Kijiji isigawe ardhi wala kutoa hakimiliki ya kimila kabla ya kupata kibali cha Mkutano Mkuu wa Kijiji. Maneno haya ni mazito. Yavunje kwa maswali matatu:

1. Nani anatajwa? Halmashauri ya Kijiji.
2. Inakatazwa nini? Kugawa ardhi na kutoa hakimiliki ya kimila, yaani haki ya kumiliki ardhi ya kijiji.
3. Mpaka lini? Mpaka Mkutano Mkuu ukubali kwanza. Mkutano huo ni wa wakazi wote wa kijiji wenye umri wa miaka 18 na zaidi. Nawe umo.

Sasa soma tena kifungu hicho. Utaona kimekuwa chepesi.

Fanya hivyo kila siku. Soma kifungu kimoja tu, mara tatu. Mara ya kwanza soma mpaka mwisho bila kusimama. Mara ya pili andika katika daftari maneno usiyoyajua. Mara ya tatu eleza kwa maneno yako mwenyewe. Neno likikushinda, muulize mwalimu. Kuuliza si ujinga.

Tena, soma pamoja na wenzako. Mwaka 1973, katika kampeni ya Mtu ni Afya, watu wapatao milioni mbili nchini Tanzania walikaa katika vikundi. Walisikiliza redio, wakasoma kitabu, wakajadiliana. Kisha walikwenda kuchimba vyoo. Walisoma ili watende.

Kazi ya wiki hii

1. Katika kikundi chenu, someni kifungu cha 3. Tafuteni mahali panaposema kwamba haki ya mwanamke mtu mzima juu ya ardhi ni sawa na ya mwanamume.
2. Vunjeni maneno hayo kwa maswali kama yale ya juu.
3. Jadilini: Mjane akinyang'anywa shamba kijijini kwetu, tutamsomea kifungu gani? Nani atakisoma mbele ya mkutano?