Kupima Nguvu ya Pigo la Mbali: Funzo la Gofu kwa Mkono wa Mgonjwa wa Kiharusi

Mchezaji wa gofu aliye mita 12 kutoka shimoni huhangaikia mwelekeo, ilhali kinachomponza ni umbali. Akikosea mwelekeo kwa nyuzi 2, mpira hupita kando ya shimo kwa takriban sentimita 42. Lakini mpira huviringika kwa kadiri ya mraba wa kasi yake: kasi ikizidi kwa asilimia 10, umbali huongezeka kwa asilimia 21, yaani mita mbili na nusu kupita shimo. Nguvu hiyo hupimwa na ubongo kabla mkono haujaanza kwenda.

Uzito wa jambo hili nilifundishwa na mzee mmoja wa Newala, mstaafu aliyecheza gofu alipokuwa mtumishi Dar es Salaam. Kiharusi kilimpata sehemu ya nyuma ya ubongo, ile inayorekebisha kasi na kiasi cha miondoko. Nguvu za misuli alikuwa nazo; kipimo ndicho kilichopotea. Hata chai ilimwagika kabla kikombe hakijafika mdomoni. Nilimwagiza apige mipira 50 kila siku kwa umbali wa mita 6. Baada ya wiki sita alikuwa hodari wa mita 6, na wa mita 6 tu. Kosa lilikuwa langu.

Mwaka 1978, Kerr na Booth waliwafanyisha watoto mazoezi ya kurusha vifuko kwenye shabaha. Kundi moja lilizoezwa kwa umbali uleule litakaopimwa nao. Jingine kwa umbali mfupi na mrefu kuliko huo. La pili ndilo lililolenga vyema zaidi. Majaribio ya baadaye, hasa ya watu wazima, hayakukubaliana yote na matokeo hayo. Hata hivyo kwa pigo la mbali nayaamini, kwani uwanjani umbali haujirudii.

Tukaanza upya uani kwake. Udongo wa uwanda wa Makonde ni wa kichanga, na maji ya kuumwagia Newala ni ya kuhesabu. Tulifagia alfajiri, umande ungali haujakauka. Tulichora mistari ya mita 4, 7, 10 na 13. Kila mpira ulipelekwa mstari tofauti na uliotangulia. Mdundo wa fimbo haukubadilika. Kilichorefuka ni safari yake ya nyuma na mbele tu. Mazoezi ya fimbo bila mpira aliyafanya akitazama mstari. Baada ya kupiga, kabla ya kuinua macho, alitamka "fupi" au "ndefu", ndipo akatazama.

Mipira 20 yatosha. Msaidizi asimame upande uliodhoofika, dawa za shinikizo la damu zisirukwe, na kizunguzungu kikianza mazoezi yakome. Uso ukipinda ghafla, mkono ukilegea au maneno yakivurugika, mgonjwa apelekwe hospitali papo hapo.

Kwa wagonjwa wa Masasi wasioijua gofu tunaviringisha chungwa kwa mkono, kwa mistari ileile. Mzee wetu bado hukosea mita 13, tena kwa hasira, ila chai sasa hunywa bila kisahani.