Maji ya Mtungi na Maji ya Bidoni

Watoto, huko Makobola mama wawili huteka maji ya ziwa Tanganyika pahali pamoja. Mmoja huyatia katika mtungi wa udongo, mwingine huyaacha juani katika bidoni ya plastiki. Jioni maji ya mtungi ni baridi na matamu. Ya bidoni ni ya moto tena yananuka plastiki. Kwa sababu gani? Udongo una vitundu vidogo sana. Maji kidogo hupenya, hukaushwa na upepo, na kwa kukauka huondoa joto.

Lakini angalieni! Mtungi hubadili ladha tu, hauui kipindupindu. Basi chemsheni maji kwanza, yapoe, ndipo myatie mtungini. Ufunikeni. Tekeni kwa kata safi, msitie mkono.

Maulizo
1. Mtungi hupozaje maji?
2. Je, maji matamu ni safi sikuzote?