DARSA: KUWAHESABU WATU NA KUIPIMA SIHA YAO SI MKOSI

Shukrani zote ni za Mwenyezi Mungu, na rehema na amani zimshukie Mtume wetu Muhammad, na jamaa zake na masahaba zake. Amma baad:

Ndugu zetu Waislamu, katika darsa zetu tumekwisha kusoma vipimo vingi. Tumesoma nisabu ya zaka, pishi ya zaka ya Fitri, masafa ya safari ambayo msafiri hupunguza Sala zake, na siku za eda. Katika hivyo vyote hakuna hata kimoja tulichoambiwa tukikisie. Na katika Suratul Mutaffifin wameonywa kwa ukali wale ambao wakiwapimia watu huwapunja. Lakini liko jambo moja kubwa ambalo sisi watu wa mwambao twalikisia tu, nalo ni siha ya watu wetu. Muulize mkubwa wa mtaa: ni watoto wangapi waliozaliwa mtaani mwako mwaka huu? Wangapi waliokufa, na kwa maradhi gani? Atakujibu kuwa Mungu ndiye ajuaye. Naam, Mungu ajua. Lakini sisi tumekalifishwa tuyajue yaliyo katika uwezo wetu, kwani mchunga asiyeijua idadi ya kondoo wake hawezi kujua ni yupi aliyepotea.

Leo twataka kulisomesha jambo hili kwa mfano wa majirani zetu wa bara, watu wa Ukambani, kisha tujitazame sisi wenyewe.

MIGWANI NA NCHI YAKE

Migwani ni mji mdogo katika kaunti ya Kitui, upande wa Mwingi. Nchi yake ni kavu. Mvua zake ni mbili kwa mwaka, na ile itegemewayo zaidi ni ya vuli, ya Oktoba hadi Disemba. Ikikosekana hiyo, mito hubaki mchanga mtupu, na wanawake huufukua mchanga huo kutafuta maji ya kunywa. Watu hawa si wageni kwetu. Katika karne ya 19 misafara yao ya pembe ilikuwa ikishuka mpaka Mombasa, na Waswahili nao wakipanda mpaka Kitui, na hata leo ziko jamaa za Kiislamu katika mji huo.

Wakamba wa zamani, kama walivyoeleza walioandika mila zao, walikuwa na mwiko wa kuhesabu watu na mifugo. Waliona kuwa kilichohesabiwa huingiwa na mkosi. Msomaji asicheke, kwani mwiko huu uko majumbani mwetu pia. Wako kina mama kwetu ambao ukiwauliza idadi ya watoto wao huona umewatakia shari, na wako wamfichao mtoto asipimwe uzito mbele za watu kwa kuogopa kijicho, kisha wakamvika hirizi. Basi na tutazame khasara ya kutopima na faida ya kupima.

MAUTI YA MWAKA 2004

Mwaka 2004, katika wilaya za Makueni na Kitui za wakati huo, watu walianza kugeuka macho manjano, matumbo yakawavimba, wakafa. (Migwani siku hizo ilikuwa katika wilaya jirani ya Mwingi, tangu mwaka 2013 zote mbili zimo katika kaunti moja ya Kitui.) Mambo kama haya yakiwafika watu wasiopima, mara husemwa kuwa fulani amerogwa, au kuwa nyumba ile ina laana, na jirani humtazama jirani yake kwa jicho baya.

Lakini safari hii walikuja wenye kupima. Matabibu wa Wizara ya Afya ya Kenya na wenzao kutoka Marekani waliwahesabu wagonjwa mmoja mmoja. Hadi Julai ya mwaka huo walikuwa wamepata wagonjwa 317, na waliokufa katika hao ni 125. Na takriban wanane katika kila kumi walikuwa wa Makueni na Kitui. Kisha wakachukua wagonjwa 40, na kwa kila mgonjwa wakamchukulia wazima wawili wa kijiji kile kile, jumla wazima 80, wakayapima mahindi ya nyumba zao. Ikadhihirika kuwa mahindi ya nyumba za wagonjwa yana sumu kama mara 8 kuliko ya wazima. Wakapima na mahindi ya masokoni, wakakuta zaidi ya nusu yamepita kiasi kilichoruhusiwa wakati huo, nacho ni sehemu 20 za sumu katika kila sehemu bilioni moja.

Sumu hiyo yaitwa aflatoksini. Hutokana na kuvu iotayo juu ya mahindi na njugu zilizowekwa hazijakauka. Huharibu ini, na haiondoki kwa kupikwa. Nyumba zilizokuwa katika khatari zaidi ni zile zilizoweka mahindi yenye unyevu ndani ya nyumba. Basi aliyeua hakuwa mchawi wala shetani wala jirani. Alikuwa ni unyevu ndani ya gunia. Wangapi walioepushwa na tuhuma za uwongo kwa sababu ya mizani ile! Na kusingizia watu ni dhambi kubwa, kama tujuavyo.

Na hapa pana jambo la kuzingatia. Maradhi haya haya yalikuwa yametokea huko huko mwaka 1981; wakapatikana wagonjwa 20, wakafa 12, na sababu ikajulikana na ikaandikwa. Pamoja na hayo, baada ya miaka 23 yakarudi makubwa zaidi. Kwa hivyo kipimo peke yake hakimwokoi mtu. Kikibaki katika karatasi za wataalamu, kisimfikie mwenye gunia, ni kama elimu isiyofanyiwa kazi.

UREFU WA MTOTO

Mfano wa pili ni wa watoto. Serikali ya Kenya kila baada ya miaka kadha hutuma watu nyumba kwa nyumba, wakapima uzito na urefu wa watoto walio chini ya miaka mitano. Mtoto akiwa mfupi mno kwa umri wake huitwa aliyedumaa. Kudumaa si umbo la ukoo, kama wengi wadhanivyo. Ni alama kuwa mtoto amekosa chakula kifaacho, au ameuguaugua kwa muda mrefu, khasa katika miaka miwili ya mwanzo. Na khasara yake si ya kimo tu, bali hufika mpaka katika akili na masomo.

Katika hesabu ya mwaka 2014, Kitui na West Pokot ndizo zilizokuwa mbaya kupita zote: watoto 46 katika kila 100 walikuwa wamedumaa. Kenya nzima ilikuwa ni 26 katika 100. Ilipofika hesabu ya mwaka 2022, Kenya nzima ilikuwa imeshuka hadi 18, na Kitui haikuwamo tena katika tatu zilizo mbaya zaidi. Sisi hatudai kuwa tendo moja ndilo lililoleta nafuu hiyo, kwani siha ya watu hujengwa kwa mambo mengi: chakula, maji, chanjo, na elimu ya mama.

Katika maji, kwa mfano, wanavijiji wa Kitui tangu miaka ya 1990 wamejenga mamia ya mabwawa ya mchanga, wengi wao wakisaidiwa na chama kiitwacho SASOL. Hujenga ukuta wa mawe katika mto wa msimu. Mvua ikinyesha mchanga hujaa nyuma ya ukuta, na maji hujificha ndani ya mchanga, jua lisiyanyonye upesi wala mbu wasipate kuzaliana ndani yake. Hivyo mwanamke hufupishiwa mwendo wa kutafuta maji.

Sasa twawauliza ndugu zetu: je, mwaka 2022 ni kaunti gani iliyokuwa ya kwanza kwa watoto waliodumaa? Haikuwa ya bara wala ya jangwani. Ilikuwa ni Kilifi, penye Malindi na Mambrui na Takaungu, penye pwani na samaki na minazi. Watoto 37 katika kila 100 walikuwa wamedumaa. Mwaka 2014 Kilifi ilikuwa 39. Yaani katika miaka minane imeshuka kwa wawili tu. Sisi tulio na madrasa kila mtaa, na tujionao kuwa ni watu wa miji na ustaarabu, tumeachwa nyuma na tuliokuwa tukiwahurumia.

HOJA NA MAJIBU YAKE

Hoja ya kwanza: Mtu aweza kusema kuwa kuhesabu watu huleta mkosi. Twamjibu: Imepokewa katika Sahihi ya Bukhari, kutoka kwa Hudhaifa, kuwa Mtume (S.A.W.) aliamrisha aandikiwe kila mtu aliyetamka Uislamu, wakaandikwa wanaume 1500. Lau kuhesabu watu kungekuwa ni mkosi, asingeliamrisha yeye. Kijicho kipo, hatukikanushi. Lakini dawa yake ni dua na kumtegemea Mola, si kuificha mizani.

Hoja ya pili: Mtu aweza kusema kuwa ajali na riziki zimekwisha kuandikwa, basi kupima kwafaa nini? Twamjibu: Sayyidna Umar alipokuwa akielekea Shamu akasikia khabari ya tauni, alirudi na watu wake. Akaulizwa kama anaikimbia kadari ya Mungu, naye akaeleza kuwa anatoka katika kadari moja kwenda katika nyingine. Kujua sababu na kujikinga nako ni kadari.

Hoja ya tatu: Mtu aweza kusema kuwa kumwonyesha mgeni udhaifu wa watoto wetu ni kujivunjia heshima. Twamjibu kwa khabari nyingine ya Sayyidna Umar. Wapokezi wamesimulia kuwa aliwaandikia watoto posho katika daftari la Hazina, lakini ni wale tu waliokwisha kuachishwa ziwa. Usiku mmoja akamsikia mtoto akilia, akamwuliza mama yake, akaambiwa kuwa mama anamwachisha ziwa kabla ya wakati ili apate ile posho. Umar akasikitika sana, na asubuhi akatangaza kuwa kila mtoto wa Kiislamu ana posho tangu azaliwapo. Zingatieni: Khalifa mwenyewe alitoka kwenda kutazama, na mama yule hakuficha, na kwa kusema kweli kwake watoto wa Waislamu wote wakapata kheri. Aibu ni mtoto kudhoofu ilhali mama, na imamu, na jirani wote wanajua na wamenyamaza.

YATUPASAYO KUYAFANYA

Kwanza, tuwafungulie milango wahudumu wa afya wa mitaani. Tangu mwaka 2023 serikali imewatuma kiasi cha laki moja nchini Kenya, wakiwa na mizani na vyombo vya kupimia presha na sukari. Wapitapo mitaani kwetu, wako wanaojibiwa dirishani kuwa mwenye nyumba hayupo. Ikiwa ni mwanamume na nyumbani wamo wanawake tu, mtaa na uombe mhudumu mwanamke; sharia haikutukaza katika hilo.

Pili, kila mtoto wa miezi 6 hadi miaka mitano apimwe mkono kwa ule mkanda wa rangi tatu. Mkono ukiwa chini ya sentimita 11.5, mkanda huonyesha nyekundu, na mtoto huyo apelekwe sipitali siku ile ile, si kwa mganga. Kati ya 11.5 na 12.5 huonyesha manjano, naye apelekwe kliniki akatazamwe na kufuatwa. Kijani ni salama. Walimu wa madrasa na kina mama wa darsa waweza kujifunza kipimo hiki kwa muda mchache.

Tatu, tuyaangalie mahindi na njugu tununuazo na tuwekazo. Tia chumvi kavu na mahindi katika chupa kavu ya kioo, uitikise vizuri, uiache itulie kama robo saa. Chumvi ikigandama katika kioo, mahindi hayo yana unyevu. Yaanikwe juu ya turubai au jamvi, yasilazwe ardhini, kisha yawekwe juu ya uchaga. Na yaliyoota kuvu yasiuzwe wala yasitolewe sadaka, kwani ni dhulma kumlisha maskini kile ambacho mwenyewe unakiogopa.

Nne, watu wazima nao wajipime. Sisi wa mijini tumezoea chai ya sukari nyingi, na mahamri, na kukaa barazani mpaka usiku. Presha na sukari huingia kimya kimya, na mtu huja kujua ameshapooza. Tuombe siku moja kila mwezi, baada ya Sala ya Ijumaa, watu wapimwe uwanjani kwa msikiti.

Tano, kila msikiti uwe na daftari la mtaa: waliozaliwa, waliokufa na sababu, watoto waliokwisha kuchanjwa, na nyumba zisizo na maji safi. Daftari hilo ni amana. Aliyeaminiwa nalo akiitoa siri ya mtu amefanya khiana. Na kila mwaka, kabla ya kugawa zaka, wazee walifungue ili fedha ziende kwenye haja iliyoonekana, zisiende kwa kukisia wala kwa kujuana.

Ndugu zetu, daftari na kalamu si ghali, na mkanda ule hauna uzito mfukoni. Ukambani walihesabu maiti wao ndipo wakaijua sumu, na walipopima watoto wao wakaona khatari iliyokuwa ikiwanyemelea. Sisi twangoja tuhesabu nini? Darsa ijayo, inshaallah, tutasoma namna ya kuliandika daftari la mtaa, na wasomaji wenye maswali watuletee kabla ya siku hiyo.

Twamwomba Mwenyezi Mungu atupe afya ya miili na uongofu wa nyoyo, na atujaalie katika wale wayasikiao maneno wakafuata yaliyo mazuri. Wabillahi tawfiki.