Kivu ya zamani katika jedwali la maneno

Anayekusanya maneno ya Kingwana hukutana mapema na tatizo la lebo za majimbo. Mwaka 1988 jimbo la Kivu liligawanywa kuwa matatu: Kivu Kaskazini, Kivu Kusini na Maniema. Neno lililoandikwa Salamabila, wilayani Kabambare, kabla ya hapo lina lebo "Kivu", sawa na neno la Goma au Bukavu. Lebo ikibaki hivyo katika hifadhidata, mchora ramani ya lahaja atachanganya Kiswahili kinachoishi pamoja na Kibangubangu na kile cha ukingoni mwa Ziwa Kivu.

Tuchukulie tuna jedwali liitwalo maneno, lenye safu tatu: neno, mji na jimbo. Kusahihisha mstari mmoja mmoja kwa mkono kunachosha, na mkono uliochoka hukosea. Lugha ya SQL hubadilisha mistari yote kwa amri moja. Hata hivyo, "Kivu" isifutwe. Aliyeiandika alikuwa sahihi kwa wakati wake, na lebo hiyo hutudokezea umri wa data. Tunaongeza safu ya jimbo_sasa, tunanakili humo yaliyomo katika jimbo, kisha tunaandika:

BEGIN;
UPDATE maneno
SET jimbo_sasa = CASE mji
  WHEN 'Salamabila' THEN 'Maniema'
  WHEN 'Kasongo' THEN 'Maniema'
  WHEN 'Goma' THEN 'Kivu Kaskazini'
  WHEN 'Bukavu' THEN 'Kivu Kusini'
  ELSE jimbo_sasa
END
WHERE jimbo = 'Kivu';

Mstari wa ELSE ndio wanafunzi wengi huuacha. Bila huo, kila mji usiotajwa, tuseme Namoya, hupewa NULL, yaani utupu. Ukiwepo, Namoya hubaki na "Kivu", nasi tunaweza kuutafuta baadaye na kuupeleka Maniema. WHERE nayo huweka mpaka wa mistari inayoguswa.

Wengine hufupisha kwa kuandika WHERE mji LIKE 'Kasongo%', wakidhani wamepata Kasongo na vitongoji vyake. Alama ile ya asilimia hubeba pia Kasongo-Lunda, iliyo mbali magharibi, jimboni Kwango. Maneno ya huko yangehamia Maniema kimyakimya, wala kompyuta isingelalamika, kwa kuwa amri haina kosa la sarufi.

Ndiyo maana tulianza na BEGIN. Kabla ya kuthibitisha, soma matokeo:

SELECT mji, jimbo_sasa, COUNT(*)
FROM maneno
GROUP BY mji, jimbo_sasa;

Pitia orodha kwa macho ya mtu anayeijua nchi. Ikiwa sawa, andika COMMIT. Ikiwa na mji uliopotea njia, ROLLBACK hurudisha kila kitu kama kilivyokuwa.

Wenye data ya Katanga wana kazi kama hii, tena ndefu zaidi: mwaka 2015 jimbo hilo liligawanywa mara nne, Kalemie ikawa Tanganyika na Lubumbashi ikawa Haut-Katanga.